Gitaa la Besi: Sauti Inayobeba Nyingine

Mnaposikiliza muziki wa rumba katika redio, sikio hukimbilia kwanza sauti ya mwimbaji, kisha gitaa la solo linaloimba juu kama ndege wa asubuhi. Lakini chini ya hayo yote iko sauti nyingine, nene na tulivu, itembeayo hatua kwa hatua wala haitafuti sifa. Watu wengi hawaitambui. Hata hivyo, ikinyamaza kidogo tu, wapigaji hutazamana, miguu ya wachezaji hupotea njia, na wimbo wote huwa kama nyumba iliyoondolewa msingi. Sauti hiyo ni ya gitaa la besi.

Leo twapenda kuwaeleza habari za chombo hicho: kilizaliwaje, chafanyaje kazi, na mtu asiyelipwa mshahara wa muziki, bali apigaye kwa mapenzi baada ya kazi zake, yampasa akitumieje. Maana vijana wengi, na wazee pia, wamelipenda gitaa hili. Na wengine wamelipenda kuliko muziki wenyewe. Hununua, huuza, hununua tena, na huko nyumbani malipo ya shule yangoja. Jambo hilo lastahili kuchunguzwa kwa makini, bila kucheka na bila kulaumu upesi.

CHOMBO KILIZALIWAJE

Zamani kazi ya sauti nene ilikuwa ya besi kubwa ya kusimama, ile fidla ndefu kupita mtu, ambayo mpigaji huikumbatia kama mwenzake. Nyuzi zake, tangu ncha ya shingo hadi darajani, zina urefu wa sentimita 105 hivi. Shingoni mwake hamna alama yoyote: kidole kikikosea kidogo tu, sauti hutoka kombo. Kuisafirisha ni taabu. Tena ilipotokea kwamba magitaa yalitiwa umeme, na tarumbeta na ngoma zikapigwa kwa nguvu katika majumba makubwa, mpiga besi alitoka jasho bure. Watu waliona mikono yake ikienda, sauti hawakuisikia.

Mafundi mbalimbali walitafuta dawa. Katika miaka ya 1930 Bwana Paul Tutmarc, wa mji wa Seattle huko Marekani, alitengeneza besi ndogo ya umeme yenye umbo la gitaa, lakini haikuenea. Katika miaka ya 1940 Bwana Everett Hull aliweka mikrofoni ndani ya mguu mwembamba unaoishika besi ya kusimama sakafuni. Kampuni yake ikaitwa Ampeg, jina lililotokana na mguu huo, na baadaye vikuza sauti vyake vikajulikana duniani.

Lakini aliyefungua njia kubwa alikuwa Bwana Leo Fender, aliyezaliwa mwaka wa 1909 katika jimbo la California. Alikuwa fundi wa redio katika mji mdogo wa Fullerton. La ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Wapiga muziki walimletea vyombo vyao vilivyoharibika, naye akawasikiliza walivyolalamika. Basi mwaka wa 1951 alitoa gitaa la besi lenye kiwiliwili cha ubao mtupu, nyuzi nne, na vipande 20 vya chuma vilivyopigiliwa kukata shingo. Urefu wa nyuzi ulikuwa sentimita 86. Akaliita Precision, yaani usahihi, kwa sababu vile vipande vya chuma vilimwezesha mpigaji kupata sauti sahihi bila kubahatisha. Mtu aliyezoea gitaa la kawaida aliweza kulishika na kuanza kazi. Mmoja wa watu wa kwanza kulitembeza mbele ya watu alikuwa Bwana Monk Montgomery, mpiga jazz, alipokuwa katika kundi la Lionel Hampton.

Tazameni basi: chombo hiki hakikutungwa kwa ajili ya fahari. Kilitungwa kwa sababu watu fulani walikuwa na shida, na fundi mmoja alikubali kuwasikiliza.

CHAFANYAJE KAZI

Nyuzi nne za besi huitwa, kutoka ile nene hadi ile nyembamba, mi, la, re na sol. Uzi wa mi hutetemeka mara 41 kwa sekunde moja, na ule wa sol mara 98. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 82, yaani mara mbili ya ule wa besi. Ndiyo sababu besi yaitwa ndugu wa chini wa gitaa: majina ya nyuzi ni yale yale, lakini sauti imeshuka hatua nzima ya noti nane.

Chini ya nyuzi hizo zimewekwa sumaku ndogo, zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka karibu na sumaku, umeme kidogo sana huzaliwa katika waya. Umeme huo huenda katika kikuza sauti, na kikuza sauti hausukuma hadi spika. Sumaku hizo pamoja na waya wake twaweza kuziita kipokezi. Waya wa kipokezi, hata hivyo, hupokea pia mvumo wa umeme wa nyumba, ule unaosikika kama nyuki chumbani. Kwa hiyo mwaka wa 1957 Fender aligawa kipokezi cha Precision vipande viwili, akazungusha waya wa kimoja kinyume cha mwenziwe. Mivumo miwili ikakutana na kuuana, na sauti ya uzi ikabaki. Kwa akili ndogo, faida kubwa!

Mwaka wa 1960 alitoa gitaa la pili, liitwalo Jazz Bass, lenye vipokezi viwili na shingo nyembamba zaidi upande wa vichwa vya nyuzi. Mpaka leo mafundi wa nchi nyingi huiga maumbo hayo mawili. Anayeingia dukani na kuona magitaa hamsini ukutani asitishike: mengi ni watoto na wajukuu wa hayo mawili.

Kuna jambo jingine ambalo mpigaji yafaa alijue kabla ya kufungua mfuko. Mawimbi ya sauti ya uzi wa mi, yakienda hewani, yana urefu wa mita 8 na zaidi. Chumba kidogo hakiyatoshi. Mawimbi hugonga ukuta, hurudi, hukutana yenyewe kwa yenyewe. Hapa sauti hujaa, na hatua mbili kando yake hupotea kabisa. Mtu huketi mahali palipopotea sauti, akasema: "Kikuza sauti hiki ni kibovu, sharti ninunue kingine." Kumbe ingetosha kukihamisha. Spika ikisogezwa pembeni ambapo kuta mbili zinakutana, sauti nene huongezeka. Ikitolewa huko, hupungua na kuwa safi. Jaribu hilo kwanza. Halina gharama.

WATATU WALIOZIBA PENGO

Tukitazama maisha ya wapiga besi mashuhuri, twaona jambo moja la kushangaza: wengi wao hawakuanza kwa kuitaka besi. Mahali palikuwa wazi, nao wakakubali kupajaza.

Wa kwanza ni Paul McCartney wa Uingereza. Katika kundi la The Beatles alikuwa mpiga gitaa. Mwaka wa 1961, mpiga besi wao Stuart Sutcliffe alipoacha kundi, wenzake wawili waliobaki na magitaa hawakutaka kazi hiyo. McCartney akaichukua. Huko Hamburg, Ujerumani, alinunua gitaa la Höfner lenye umbo la fidla, kwa bei ya paundi 30 hivi. Kwa kuwa hutumia mkono wa kushoto, alipenda umbo lililo sawa pande zote mbili, ili likigeuzwa lisionekane kioja. Kwa gitaa hilo lisilo ghali alipiga nyimbo zilizojulikana ulimwenguni kote.

Wa pili ni Mama Carol Kaye wa Marekani, aliyezaliwa mwaka wa 1935. Alikuwa mpiga gitaa wa jazz huko Los Angeles, naye alilea watoto wake kwa kazi ya mikono yake. Siku moja mwaka wa 1963, kwenye chumba cha kurekodi sahani, mpiga besi hakufika. Wakamwomba mama huyu ashike besi. Akaishika, na tangu hapo akawa miongoni mwa wapigaji walioitwa mno katika mji ule. Mwaka wa 1969 alitoa kitabu cha kufundisha wengine. Siri moja ya sauti yake kavu na safi ilikuwa kipande cha kitambaa kizito alichoweka juu ya nyuzi karibu na daraja. Kitambaa tu!

Wa tatu ni James Jamerson, aliyezaliwa mwaka wa 1936 katika jimbo la South Carolina, akahamia Detroit angali kijana. Besi ya kusimama aliianza shuleni huko. Baadaye aliingia katika kampuni ya sahani ya Motown, na kwa miaka mingi vidole vyake vilishika msingi wa nyimbo zilizoimbwa na Marekani nzima. Au tuseme kidole chake, maana mkono wa kuume alitumia sana kidole kimoja, cha shahada. Wenzake wakakipa jina la ndoana. Wahenga wamesema kidole kimoja hakivunji chawa, na ni kweli: nyuma ya kidole kile walikuwapo mpiga ngoma, mpiga piano, wapiga magitaa na waimbaji, nao wote walisikilizana.

Je, Jamerson alikuwa na vyombo vingapi? Kwa sehemu kubwa ya kazi yake alitumia gitaa moja la Precision la mwaka wa 1962. Nyuzi zake zilikuwa za uso laini, nzito, zimeinuka juu ya shingo kiasi cha kuumiza vidole vya mtu mwingine. Hakuzibadili ila uzi ukikatika. Chini ya kifuniko cha daraja kulikuwa na kipande cha sponji. Katika chumba cha kurekodi, mara nyingi waya wake uliingizwa moja kwa moja katika mashine, bila kikuza sauti mbele yake. Leo watu hulipa fedha nyingi kutafuta sauti ile. Hununua gitaa la umri ule ule, nyuzi za aina ile ile, na sponji vilevile. Mkono haupatikani dukani.

Tena tukumbuke kwamba kwa miaka mingi majina ya wapigaji wa Motown hayakuchapwa juu ya majalada ya sahani. Watu walicheza kwa besi ya Jamerson bila kujua kuna mtu aitwaye Jamerson. Jina lake lilionekana katika sahani ya Marvin Gaye ya mwaka wa 1971, nayo ni miaka kumi na zaidi tangu alipoanza. Alifariki mwaka wa 1983, na mwaka wa 2000 akatiwa katika orodha ya heshima ya wanamuziki wa rock huko Marekani. Mwenye kushika msingi husubiri sana shukrani.

GITAA MBILI ZILIZOIBWA

Siku chache kabla ya kifo cha Jamerson, gitaa lake liliibwa. Na lile la McCartney, alilolinunua Hamburg, liliibwa London mwezi wa Oktoba 1972, kutoka katika gari. Lilikaa juu ya dari ya nyumba ya watu, bila kupigwa, kwa miaka mingi. Watu wenye bidii walilitafuta, habari zikatangazwa, nalo likarudishwa kwa mwenyewe mwaka wa 2023, miaka 51 baada ya kuibwa.

Twafurahi naye. Lakini tuulize: katika miaka hiyo 51, je, McCartney alinyamaza? Hata kidogo. Alipiga magitaa mengine, na kila asikiaye alimtambua. Na gitaa lile, lililokuwa chombo mashuhuri kuliko yote ya aina yake, je, lilitoa wimbo gani kule darini? Hakuna. Chombo bila mtu ni ubao na waya.

UGONJWA WA KUKUSANYA

Wapiga magitaa wa Ulaya na Marekani wana neno la mzaha juu ya tamaa ya kununua vyombo. Tangu miaka ya 1990, Bwana Walter Becker wa kundi la Steely Dan alipoandika juu yake kwa kuchekesha, huiita ugonjwa. Dalili zake zajulikana. Mtu ana gitaa zuri. Asikia kwamba liko jingine lenye kipokezi cha namna nyingine. Usiku halali vema. Atazama picha zake, alinganisha bei, asoma maneno ya wauzaji. Alipata, afurahi majuma mawili. Kisha asikia habari za la tatu.

Mwanzo wa ugonjwa huu si ubaya. Mtu apendaye chombo chake hukichunguza, hujifunza habari za mbao, sumaku na waya, hujua kurekebisha mwenyewe bila kulipa fundi. Hilo ni jema, na wanafunzi wetu wanaopenda elimu ya vitu wataona kwamba gitaa moja la besi ni somo zima la umeme na sauti. Ubaya waanza pale kununua kunapochukua nafasi ya kujifunza. Maana kidole kikishindwa kufuata mwendo wa ngoma, ni rahisi zaidi kulilaumu gitaa kuliko kukilaumu kidole. Gitaa jipya halifundishi mwendo. Litashindwa mahali pale pale liliposhindwa la kwanza.

Ndipo mama wa nyumba anapouliza kwa upole: "Baba watoto, magitaa haya matatu, utayapiga yote kwa mikono mingapi?" Naye baba hana jibu, maana swali ni la haki. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Gitaa moja ulijualo kwa giza na kwa mwanga, ambalo vidole vyako hupata njia bila macho, ni mali kuliko matatu yaliyofunikwa vumbi.

NGUVU ZA KIKUZA SAUTI

Katika vikuza sauti ndipo watu hudanganyika zaidi, kwa sababu ya hesabu ya wati. Sikio la binadamu halisikii sauti nene vizuri kama sauti za kati. Mabwana Fletcher na Munson, wataalamu wa Marekani, walilipima jambo hilo wakalitangaza mwaka wa 1933. Ndiyo sababu besi yahitaji nguvu nyingi kuliko gitaa la kawaida, ili sauti zote mbili zisikike sawa.

Lakini haifuati kwamba wati mara mbili ni sauti mara mbili. Ukitoka wati 100 kwenda wati 200, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu, nazo sikio huzitambua kwa shida kidogo. Ili watu waone kwamba sauti imekuwa maradufu, yatakiwa nguvu mara kumi hivi. Basi mtu aliyeuza kikuza sauti cha wati 100 ili anunue cha wati 200 ametoa fedha nyingi kwa tofauti ndogo. Mara nyingi spika iliyo bora, au spika ya pili, ingemsaidia zaidi.

Mwaka wa 1960 Ampeg walitoa kikuza sauti B-15, chenye nguvu za wati 25 tu na spika moja ya inchi 15, na wapigaji wakubwa walikitumia kwa furaha. Mwaka wa 1969 walitoa kingine, kiitwacho SVT, cha wati 300, kwa ajili ya viwanja vikubwa. Kichwa chake peke yake, bila masanduku ya spika, kilikaribia kilo 40. Siku hizi viko vikuza sauti vya wati mia kadhaa visivyofika kilo 3, na mtu hukibeba katika mfuko wa vitabu. Kwa mazoezi ya chumbani na sherehe ndogo, hakuna haja ya zigo linalovunja mgongo.

Na tusisahau masikio. Wataalamu wa afya ya kazi wasema kwamba sauti ya desibeli 85 yaweza kuvumiliwa saa 8 kwa siku. Na kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama hupunguka nusu. Zikifika 100, ni dakika 15 tu. Sikio lililoharibika kwa kelele halina dawa ya kulirudisha. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Na masikio kadhalika.

MAISHA YA MPIGA MUZIKI WA RIDHAA

Mpiga muziki wa ridhaa ni nani? Ni mwalimu, dereva, muuguzi, karani au mwenye duka, ambaye jioni hujifuta vumbi la kazi, huchukua gitaa lake na kwenda mahali wenziwe wanapokutana. Halipwi, au hulipwa chakula na shukrani. Mmoja huchelewa, mwingine mtoto wake ni mgonjwa, umeme hukatika katikati ya wimbo. Hata hivyo, wakifaulu kupiga wimbo mmoja vizuri tangu mwanzo hadi mwisho, hurudi nyumbani wepesi kama vijana.

Katika kundi la namna hiyo mpiga besi ana kazi ya pekee. Yeye husimama katikati ya ngoma na nyimbo. Akiharakisha, wote hukimbia. Akisita, wote huanguka. Katika rumba yetu ya Kongo, ambayo UNESCO iliiandika mwaka wa 2021 katika orodha ya urithi wa wanadamu kwa ombi la nchi zote mbili za Kongo, jambo hilo ladhihirika. Gitaa la solo, la mi-solo na la kusindikiza hufumana kama mkeka, na hasa inapofika sebene kila moja huzunguka katika njia yake. Kama besi haishiki mwendo, mkeka hufumuka. Mpiga besi mwema hujua pia kuacha nafasi. Noti asiyoipiga humpa mwimbaji pumzi.

Kwa hiyo chombo bora si kile kinachomfanya asikike peke yake. Ni kile kinachowasaidia wenziwe wapige vizuri.

MASHAURI KWA ANAYETAKA KUANZA

Kwanza, tafuta gitaa moja lililo sahihi, hata likiwa limetumika. Tazama shingo kwa urefu wake: isipinde kama upinde wala isizungukwe. Piga kila uzi juu ya kila kipande cha chuma na usikilize kama unakwaruza. Magitaa mengi yana chuma ndani ya shingo kinachokazwa au kulegezwa ili kuinyosha. Mbao hunywa unyevu wakati wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi, hivyo marekebisho madogo yahitajiwa mara kwa mara. Mwombe mjuzi akuonyeshe, kisha ufanye polepole, robo ya mzunguko kwa siku.

Pili, jua nyuzi zako. Nyuzi zenye uso laini hutoa sauti ya mviringo, hudumu miaka, na hazichakazi vipande vya chuma upesi. Zenye uso wa mikunjo hutoa sauti ya kung'aa, lakini mng'ao huo hupungua mapema. Ukimaliza kupiga, futa jasho kwa kitambaa kikavu. Kitambaa hicho kitakuokolea fedha nyingi.

Tatu, kabla ya kununua chombo cha pili, azima. Pigeni wimbo mmoja kwa gitaa lako na kwa lile la kuazima, mrekodi kwa simu, kisha wapeni rafiki wasikilize bila kuwaambia lipi ni lipi. Kama hawaoni tofauti, fedha zako zimepona.

Nne, fanyeni mapatano nyumbani. Malipo ya shule, chakula na dawa vitangulie. Kilichobaki kigawanywe waziwazi, baba na mama wakijua. Na kama tayari yako magitaa mawili ndani ya nyumba, basi hakuna la tatu kuingia mpaka moja limetoka. Anayeficha bei ya gitaa hataipiga besi kwa moyo mtulivu.

Tano, piga kila siku, hata dakika 20. Tumia metronomu, au mwombe mtoto wako apige makofi kwa mwendo usiobadilika, naye atajifunza. Cheza pamoja na wimbo wa zamani, kwa sauti ndogo, usimsumbue jirani. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya mwaka, dakika hizo zimekuwa zaidi ya saa 120, na hakuna duka liuzalo kitu hicho.

Na enyi wanafunzi msio na gitaa bado, msihuzunike. McCartney, Mama Kaye na Jamerson walipata sifa kwa sababu palipokuwa na pengo walikubali kusimama hapo, na walipokwisha kusimama walisikiliza. Kusikiliza hakuhitaji fedha. Jioni hii, wimbo ukipigwa katika redio ya nyumbani au ya jirani, mwacheni mwimbaji kidogo, liacheni gitaa la solo, mshuke kwa sikio hadi chini. Mfuateni yule anayetembea polepole chini ya wote. Mkiweza kumfuata tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho wake bila kumpoteza, mmekwisha kuanza kujifunza besi.